Hitilafu Nilizokataa Kunyamazisha

Nilipostaafu, ofisi ya hospitali iliniomba ukurasa mmoja wa jarida lao. Waliniletea na maswali kabisa: mafanikio yako ni yapi, changamoto ulizikabili vipi, unawashauri nini vijana. Niliyasoma nikayarudisha. Changamoto zangu nyingi zilikuwa na majina, na baadhi yao bado wanakuja kazini. Kwa hiyo haya siandikii jarida. Nawaandikia nyinyi mnaokaa sasa katika kile chumba baridi nyuma ya duka la dawa, mnaofungua terminal, ile skrini nyeusi ya kuandikia amri, kila asubuhi na kuandika ngewa fuata bila kujua amri hiyo ilitoka wapi na ni nani alitaka iondolewe. Mtu akiwaambia nilikuwa mkaidi, msibishane naye. Mwulizeni tu nilikuwa nimekataa nini.

Naitwa Rose Ndinda, ingawa wengi wenu mlinijua kama Mama Mwende. Nilitoka Kathiani nikaja Machakos mjini kupiga chapa barua za hospitali. Siku yangu ya kwanza nilikuta kompyuta moja tu, imefunikwa kitambaa cheupe kilichofumwa ukingoni kama cha meza ya altare. Niliambiwa nisiiguse mpaka mtaalamu aje kutoka Nairobi. Nilingoja mpaka saa ya chai, mtaalamu hakuja, nikaondoa kitambaa. Skrini ilikuwa nyeusi na herufi za kijani, na kile kijimstari kinachopepesa kikiningoja. Hakukuwa na picha ya kubonyeza wala kipanya. Unaandika neno, mashine inafanya au inakuambia haikuelewa. Nilipenda hapo hapo. Huyo mtaalamu, kwa habari yenu, hajafika mpaka leo.

Nasema hivi kwa sababu kuna vijana huniuliza kwa nini nilishikilia skrini nyeusi wakati dunia nzima imehamia kwenye vitufe na rangi. Vitufe ni vizuri. Lakini kitufe kinakuonyesha kile tu aliyekitengeneza alitaka ukione. Kwenye terminal unauliza swali lako mwenyewe.

Aliyenifundisha kazi hasa hakujua kompyuta hata kidogo. Aliitwa Njoroge, fundi wa mitambo ya hospitali: mashine za oksijeni, za kuchemshia vyombo, za kuwapasha joto watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Familia yake ilikuwa imetoka upande wa Murang'a kuja kufanya biashara hapa mjini, naye alikuwa ameokota Kikamba cha kutosha kubishania bei ya maembe na kumtukana mtu bila kosa la sarufi. Karakana yake ilikuwa mkabala na ofisi yetu. Siku moja mashine ya joto ya watoto ilianza kupiga king'ora, na nikampata Njoroge akigombana na mhudumu mmoja aliyekuwa ameshika koleo.

"Ulitaka kufanya nini na hiyo?" Njoroge aliuliza.

"Kukata waya wa kelele. Inaamsha watoto."

"Watoto waamke. Wewe ukikata huu waya, mashine itaendelea kuharibika, lakini itaharibika na adabu. Ni hiyo unataka?"

Alifungua kifuniko cha nyuma, akatoa feni iliyokwama kwa vumbi, akaisafisha kwa brashi ya viatu, na king'ora kikanyamaza chenyewe. Kisha akanigeukia mimi niliyekuwa nimesimama mlangoni na barua mkononi. "Umeona? Usinyamazishe kitu kabla hujakisikiza." Nimesoma vitabu vingi vya programu tangu siku hiyo. Vinene pia. Sijapata kitu cha kuzidi hicho.

Miaka ilikwenda, kompyuta zikaongezeka, nikaacha kupiga chapa nikapewa kitengo cha mifumo. Nilijifunza Python, lugha ya kuandikia programu, kwa kozi fupi na kwa kuvunja vitu. Programu yangu ya kwanza ya maana ilikuwa ya akiba ya dawa, na ilikuwa na tabia moja ya kuudhi: ilikuwa inakufa kimya. Asubuhi unaikuta imelala, hakuna neno, na mfamasia anakuangalia kama wewe ndiye umeila.

Ndipo nikaanza kuandika kifurushi, programu ndogo ya kusaidia programu nyingine, cha kushughulikia hitilafu na kuweka logi, yaani yale maandishi ambayo programu huacha nyuma ikieleza inafanya nini na imekwama wapi. Nilikiita ngewa. Kwa Kikamba ngewa ni mazungumzo, zile habari watu wanapeana wakikutana njiani, na ndicho nilichotaka programu zangu zifanye: ziongee. Nilikipa amri chache za kuandika kwenye terminal, kwa sababu laini yetu ya mtandao ilikuwa dhaifu na maandishi matupu hupita pale ambapo kurasa zenye picha hukwama. Ngewa fuata ilionyesha kinachotokea sasa hivi, mstari kwa mstari. Ngewa tafuta ilichambua yaliyopita. Ngewa kagua ilisoma programu zenyewe kabla hazijawashwa, ikatafuta mahali mwandishi alipomeza hitilafu. Hiyo ya mwisho niliiandika kwa hasira, na nadhani ndiyo maana ilitoka vizuri.

Kuna mambo mawili niliyaweka humo ambayo msiyaguse. La kwanza, logi haiandiki jina la mgonjwa. Namba ya sampuli inatosha. Fundi hahitaji kujua ni mke wa nani. La pili, kila amri ikimaliza inarudisha namba. Sufuri maana yake mambo ni salama. Namba nyingine yoyote maana yake si salama, na programu inayofuata lazima isimame. Mtu aliwahi kuniambia hiyo ni kero, eti kazi zinasimama ovyo. Nilimwambia kazi inapaswa kusimama ikiwa imeharibika. Ndiyo maana magari yana breki.

Sasa nifike kwenye kisa chenyewe.

Hospitali ilikuwa imenunua mfumo wa kubeba majibu ya maabara mpaka wodini. Kampuni moja ya Nairobi ndiyo iliyouleta. Sampuli ya damu inapimwa kwenye mashine, mashine inatuma ujumbe, programu inausoma, na daktari anaona jibu kwenye skrini ya wodi bila mtu yeyote kutembea na karatasi. Pale mapokezi waliweka televisheni kubwa yenye viboksi vya kijani, kila kitengo na kiboksi chake. Kijani kilimaanisha hakuna tatizo. Kilikuwa kijani kila siku, na kwa mtu aliyefanya kazi na mashine, hiyo peke yake ingetosha kuleta wasiwasi. Lakini mkataba ulisema mfumo ni wao, sisi tusiuguse.

Adhuhuri moja Sista Mutheu, msimamizi wa wodi ya akina mama, alikuja ofisini kwangu mwenyewe. Mutheu hakuwa mtu wa kuacha wodi yake.

"Mama Mwende, njoo uone hii maneno ya kompyuta yako."

"Maneno gani, Sista?"

"Inasema yule msichana wa kitanda cha dirishani ako na damu kumi na mbili. Mimi nimemfungua jicho nikaangalia ndani. Ni nyeupe kama karatasi. Ulimi pia. Daktari amesoma skrini akaenda kitanda kingine."

Nilimfuata. Msichana aliitwa Kalekye, alitoka Wamunyu, na alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza usiku uliopita. Mumewe, mchonga vinyago, alikuwa amesimama kando na mtoto kifuani, vumbi la mti bado limeganda kwenye kucha zake. Kalekye alijaribu kunisalimia kwa heshima, kama msichana aliyelelewa vizuri, na sauti haikutoka. Kwenye skrini, karibu na jina lake, ile kumi na mbili ilikuwa imetulia, yenye afya, ya mtu anayeweza kubeba mtungi kupanda mlima.

Tulikwenda maabara mimi na Mutheu, karibu bega kwa bega. Mtaalamu wa zamu alirudisha nyuma majibu kwenye kioo kidogo cha mashine yenyewe mpaka akafikia sampuli ya Kalekye. Mashine ilikuwa imepima tano. Mbele ya macho yetu: tano, na kando yake nyota ndogo.

Mutheu aligeuka akakimbia. Nilikuwa nimefanya kazi na mama huyo miaka mingi na sijawahi kumwona akikimbia, maana alikuwa na maungo mazito na heshima zake. Alikimbia ukumbi wote huo akiita damu itolewe kwenye friji. Walimtundikia Kalekye chupa ya kwanza, na baadaye nyingine. Nilimpitia alasiri nikamkuta macho yamefunguka, anauliza kama uji umebaki. Mumewe alitaka kunishukuru. Nilimwelekeza kwa Mutheu. Kompyuta hazikuwa zimefanya lolote la kushukuriwa siku hiyo.

Nilirudi chumbani kwangu nikafunga mlango. Mkataba ulisema tusiguse, haukusema tusisome. Nilifungua terminal, nikaingia kwenye seva ya maabara, nikaelekeza ngewa kagua kwenye folda ya ile programu. Amri ilimaliza na kurudisha tatu. Tatu, kwa jinsi nilivyoipanga, maana yake ni kwamba kuna mahali hitilafu inamezwa. Ilinitajia faili na mstari. Nikafungua.

Zilikuwa sentensi fupi, na wote mnaoandika Python mnazijua. Ya kwanza try: jaribu. Chini yake, geuza jibu la mashine liwe namba. Halafu except: ikishindikana. Na chini ya hiyo, neno moja tu, pass. Pita. Endelea na safari kana kwamba hukuona kitu.

Nililitazama hilo neno kwa muda. Nilitaka kujua ni nini hasa kilishindikana, kwa hiyo nikatoa ujumbe wa mashine wa siku hiyo na kuusoma kama ulivyo. Ndipo nikaiona tena ile nyota. Mashine, ikipata jibu la hatari, jibu la mtu anayeweza kufa, huweka nyota kando ya namba ili daktari ashtuke. Jibu likiwa la kawaida, inatuma namba tupu. Programu ilikuwa inajua kugeuza namba tupu. Ikikutana na namba yenye nyota inashindwa, inapita, na ile nafasi ya jibu inabaki na namba ya mgonjwa aliyetangulia.

Someni hapo tena. Walio wazima walipata majibu yao. Ni wale mahututi tu, wale ambao mashine iliwapigia kelele, ndio waliopewa majibu ya watu wengine. Na televisheni ya mapokezi ilikuwa kijani.

Sikumpigia mtu simu. Niliandika amri ya kusimamisha huduma hiyo nikabonyeza kitufe, kisha nikatembea wodi moja hadi nyingine nikisema: skrini msiziamini, majibu yote yafuatwe maabara kwa karatasi. Baadaye niliomba maabara wachambue majibu yote yenye nyota waliyokuwa nayo kwenye mashine na kuyapeleka kwa madaktari. Walifanya hivyo. Kulikuwa na mzee mmoja aliyekuwa ameruhusiwa kutoka wodi ya wanaume, wakamwita arudi haraka kutoka nyumbani. Alirudi. Sijui juu ya wengine, na hiyo ndiyo sehemu ya kisa hiki isiyonipa usingizi mzuri mpaka leo.

Kabla sijarudi kwenye kiti changu, msimamizi wa hospitali, Bwana Musyoka, alikuwa mlangoni. Musyoka alikuwa mtu nadhifu, wa tai kila siku, na hakuwa mbaya. Alikuwa tu anapenda mambo yaonekane sawa zaidi ya kupenda yawe sawa.

"Nani amezima mfumo?"

"Ni mimi."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Ningeomba ungenipa?"

Alivuta pumzi. "Mama Mwende, unajua kuna wageni wanakuja. Wafadhili. Wanakuja kuona hospitali isiyo na karatasi. Saa hii nimepita wodini nimepata manesi wanabeba karatasi kama wachuuzi wa magazeti. Washa."

"Sitawasha. Mwite yeyote aje awashe, lakini mkono wangu haupo."

Kampuni ilimtuma kijana wao, Brian, kutoka Syokimau. Tulikaa kwenye ofisi ya Musyoka, na Njoroge nikamwalika kwa sababu mitambo ya maabara ilikuwa yake. Brian alianza kwa kusema mfumo wao haukuwa na hitilafu hata moja kwenye rekodi. Nilimjibu kwamba nakubali, na ndilo tatizo lenyewe. Kisha nikafungua kompyuta yangu mezani. Nilikuwa nimenakili programu yao pembeni, mahali isipoweza kumdhuru mtu. Nikaipa ujumbe wa mgonjwa wa kubuni mwenye kumi na mbili. Ikaandika kumi na mbili. Nikaipa wa pili, tano na nyota. Ikaandika kumi na mbili. Nikaiuliza ilimaliza vipi. Sufuri, ikasema. Salama.

Brian aliinama karibu na skrini. "Wueh," alisema. Halafu kwa sauti ya chini, "Madam, hii code si mimi niliandika. Niliipata tu hivo."

"Najua. Sikuuliza ni nani."

Nikawasha nakala ya pili, ambayo nilikuwa nimeiunganisha na ngewa. Nikatuma ujumbe ule ule. Safari hii ilisimama. Ikarudisha moja, ikaandika kwenye logi namba ya sampuli na ujumbe mzima ulioishinda, na kwenye skrini ya wodi ikatoa mstari mwekundu: MATOKEO HAYAJASOMEKA, PIGA SIMU MAABARA.

Musyoka aliuonyesha ule mstari kwa kalamu. "Hayo maandishi mekundu wageni watayaona?"

"Wataona, yakitokea."

"Si unaweza kuyaweka kwenye hiyo logi yako tu? Wewe uone, ufuatilie pole pole. Skrini ibaki safi."

"Bwana Musyoka, mimi nikiona niko ofisini. Mgonjwa yuko na nesi. Nesi ndiye lazima aone."

"Nakupa njia ya katikati."

"Hapa hakuna katikati. Ama nesi anajua hana jibu, ama anadhani analo."

Alifunga kalamu yake. Aliniambia mimi ni mwajiriwa kama wengine, na kwamba hospitali haiwezi kuendeshwa na mtu mmoja wa kompyuta. Nilimwambia ni kweli, lakini kama anataka mfumo ule urudi kama ulivyokuwa, aandike kwa mkono wake kwamba anajua nyota inafanya nini, na atie sahihi. Hakuandika. Badala yake aliandika nyingine: nihamishiwe Kivaa, kwenye zahanati ndogo ya hospitali yetu upande wa Masinga, kusajili wagonjwa. Nenosiri langu la seva lilifutwa kabla sijafika langoni. Njoroge alinibebea sanduku la vitu vyangu. "Wewe enda," alisema. "Ikilia sana watakuita."

Ngewa waliiondoa, mfumo ukawashwa kama zamani, televisheni ikarudi kijani.

Kivaa kulikuwa na joto, mbuzi waliokuja kulala kivulini mwa ukuta wetu, na watu wazuri. Nilikaa kwenye meza ya mbao nikiandika majina ya kina mama waliotembea kutoka mbali na watoto migongoni. Wengine, wakisikia ninavyoongea, waliniita mwaitu, mama yetu, na kuniuliza nimewakosea nini wakubwa mpaka nikaletwa huko. Niliwaambia sijakosea. Waliangua kicheko. Hakuna anayeamini hivyo juu ya mtu aliyehamishiwa Kivaa. Sitadanganya: nililia siku za kwanza, kwa hasira. Lakini hata siku moja sikufikiria kupiga simu kuomba msamaha. Ningeomba msamaha wa nini? Wa kusoma?

Kumbe Machakos kulikuwa na mtu mkaidi kunishinda. Sista Mutheu alikuwa amekataa kusoma skrini. Hakufanya mkutano, hakuandika malalamiko. Alifunika tu skrini ya wodi yake kwa shuka, akawaambia manesi wake kwamba kila jibu litafuatwa maabara kwa miguu. Manesi wa wodi ya watoto wakaona, wakafunika yao. Wa wanaume wakafuata. Musyoka alipomwuliza, alimjibu, "Weka ile ya Mama Mwende, nitafunua. Hii ingine siijui."

Wageni walikuja. Walipiga picha televisheni ya kijani pale mapokezi, halafu wakaingia wodini wakakuta shuka juu ya skrini na manesi wanapishana na karatasi. Mmoja wao, mama wa makamo, alimwuliza Mutheu kwa nini. Musyoka alijaribu kuingilia kati. Mutheu akamjibu yule mama moja kwa moja, mbele ya wote, kwa maneno mepesi: kwamba mashine inaposema mtu anakufa, skrini husema ni mzima. Nilisimuliwa na watu wengi, na kila mmoja aliongeza chumvi yake, lakini sentensi hiyo wote waliitaja sawa.

Siku chache baadaye simu yangu ililia Kivaa. Alikuwa Brian, anapiga kutoka chumba changu.

"Madam, sasa. Wamenituma nirekebishe. Nimeomba ngewa yako nikapewa kwa nakala uliyoacha. Naiweka aje?"

"Uko kwenye terminal?"

"Niko."

Nilisimama nje ya zahanati mahali mtandao unaposhika, nikamsomea amri moja moja, naye akarudia kila herufi kama mtoto wa katekisimu. Tuliweka kifurushi. Nikamwambia aandike ngewa kagua na aelekeze kwenye programu yao yote, si faili moja.

"Inarudisha nini?"

"Tatu." Nikamsikia akibonyeza vitufe. "Madam, kuna pass mingi huku. Inazidi kushuka tu."

"Usiogope. Soma ya kwanza. Inafunika nini?"

Tulizipitia. Nyingine hazikuwa na madhara, nyingine zilikuwa mashimo yanayongoja mtu. Brian alinipigia siku hiyo na nyingine zilizofuata, na sitamnyima haki yake: hakuruka hata moja. Alipofika ile ya nyota, alirekebisha programu isome nyota na kuipeleka mbele, ili jibu la hatari lionekane la hatari kwenye wodi. Halafu akauliza kama sasa ule mstari mwekundu bado unahitajika.

"Unahitajika," nilisema, "kwa ajili ya kile ambacho mimi na wewe hatujakiwaza."

Aliuacha. Amri ikarudisha sufuri, kwa mara ya kwanza sufuri ya kweli. Mutheu akatoa shuka.

Nilirudishwa Machakos bila barua ya maelezo. Musyoka alinipa ufunguo wa chumba mkono kwa mkono, akaniuliza habari za Kivaa, nikamwambia ni nzuri. Hakusema pole na mimi sikumdai. Tulifanya kazi pamoja miaka mingi baadaye, na kila mara alipotaka kitu kionekane kizuri kwanza, alinitazama, akakohoa, na kubadilisha sentensi.

Nyinyi mlikuja baada ya hayo. Mlikuta mistari myekundu ni jambo la kawaida, mkaanza kuiita kelele za Mama Mwende. Nilisikia, msidhani sikusikia. Kelele zikizidi, dawa yake ni kurekebisha kinacholia, si kuziba masikio. Hitilafu ndefu ya Python isomeni kutoka chini kwenda juu. Chini ndipo inaposema kilichotokea, juu ni hadithi ya safari tu. Ujumbe wa hitilafu uandikwe kwa mtu atakayeusoma akiwa na mgonjwa mbele yake, kwa hiyo umwambie afanye nini. Angalieni diski isijae logi, maana logi iliyokosa nafasi nayo hufa kimya. Na mkubwa akiwaomba mfiche kitu kwa muda tu, mwulizeni muda huo unaisha lini na nani atakifichua. Mara nyingi hapo mazungumzo huisha.

Siku yangu ya kuagwa walitundika maputo kwenye ukumbi wa chakula. Keki ilikuwa kubwa, jina langu limeandikwa kwa krimu, na Bwana Musyoka, ambaye naye alikuwa karibu kustaafu, alikuwa ametayarisha hotuba ya kurasa kadhaa. Alianza na maneno mazuri juu ya kujitolea. Alikuwa amefika kwenye neno nidhamu wakati simu zenu zilipotetemeka kwa onyo la ngewa, zote kwa pamoja, mezani. Mlitazamana. Halafu mliinuka, kitengo kizima, mkavuta viti nyuma bila kuomba ruhusa, mkatoka mbio kuelekea kile chumba mkamwacha msimamizi na karatasi zake mkononi.

Musyoka alinigeukia amekunja uso. "Kwani hawangeweza kungoja nimalize?"

"Hawangeweza," nilimwambia, nikachukua kisu nikajikatia keki mwenyewe.